Hatua ya Tatu

"Mama, uko hatua ya tatu," alisema Daktari Mgaya,
nami nikaitazama miguu yangu,
viatu vya mvua vyenye tope la Katumba,
nikajiuliza ya kwanza niliipiga lini,
ya pili niliipitia wapi
bila kujikwaa, bila hata mbwa kubweka.

Figo hazipigi hodi, akasema.
Nyuma ya cheti akachora maharage mawili,
akayatia kivuli kwa kalamu ya bluu
kupita nusu kidogo,
akanipa karatasi ile kama risiti.
Mimi mkulima. Maharage yaliyobunguliwa nayajua:
unapeta, unachambua, mazima unayapanda.
Haya hayapetwi.

Uyole nilishuka nikanunua daftari.
Nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Mbele nikaandika: *Presha, 158 kwa 96*,
mwandiko wa darasa la saba, umelala kushoto.

Nyumbani sikusema neno.
Nilianza na vidonge vya mgongo,
vile vya dukani kwa Anyosisye,
viwili asubuhi, viwili usiku, msimu hata msimu,
miaka kumi na moja ya kikapu cha chai mabegani.
Nikavidondosha chooni kimoja kimoja
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Mgongo ukauliza: na mimi je?
Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Kisha viazi. Viazi vyetu,
vinavyotoka ardhini vikiwa na kiburi,
sasa vina adabu mpya:
menya, katakata, loweka,
chemsha, mwaga maji, chemsha tena.
Gwamaka akaonja, akaweka kijiko chini.
"Mke wangu, hivi umeviosha hadi jina."
Hapo ndipo nilipomwambia.

Alitoka nje.
Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeshaketi uani
kama shemeji asiye na nauli ya kurudi.
Akaingia na parachichi la mti wa mama yake,
akalipasua, akapima kwa jicho,
akanikatia kipande cha upana wa vidole viwili,
akakirudisha, akakipunguza tena.
Kopo la chumvi akalipandisha juu ya kabati,
juu kabisa, penye nyundo na mbegu za mwakani,
akarudi kwenye sahani yake
akala viazi vile mpaka cha mwisho
kwa uso wa mtu anayekula kiapo.

Jumamosi nikashuka zahanati, daftari kwapani.
Pale mlangoni kuna ngazi tano za saruji,
mwaka wa pili huu napanda bila kuzihesabu.
Kwenye ya tatu nikasimama.
Daktari alisema watu hukaa hapo miaka,
wakijitunza: wanalima, wanaoza mabinti,
wanagombana na majirani juu ya mipaka.

Sista Atupele akachungulia dirishani:
"Panda, mama, kipimo kiko ndani!"

Nakuja, mwanangu.
Niache kwanza nipazoee.