H Inayoruka

Mashine yetu ilikuwa na kasoro moja:
herufi h ilikaa juu ya mstari kidogo,
kama mtoto aliyenyanyuka benchini kutazama nani kaingia.
Haki, hukumu, hakimu, hati,
zote zilianza kwa kuruka.
Wakili Ekundayo Pratt alikataa isitengenezwe.
"Iache, Subilaga. Haki isiporuka, nani ataiona?"
Kwa Kiswahili chake cha kukwaruza,
alichookota kwa mahabusu na wauza viazi wa Sokomatola.

Alitoka magharibi ya mbali, kusikofikika kwa basi.
Jina lake, alisema, kwa lugha ya bibi zake
ni kilio kimekuwa furaha.
Mama Tupokigwe wa chai akauliza:
kilio cha nani?
Akacheka, akakohoa.
Julai ya Mbeya ilimtesa yule mtu;
joho la mahakama alilivaa juu ya sweta mbili.

"Sheria ni blanketi la gereza," aliniambia,
"ukilivuta lifunike kichwa, miguu inalala nje.
Kazi yangu ni kuuliza: miguu ya nani?"

Mwaka ule ilikuwa ya Mzee Mwambuputa wa Masoko,
siku kumi na moja ndani, kwa ada ya josho,
bila kusomewa lolote, Bwana Shauri akiwa safarini.
Niliandika hoja mpaka saa saba za usiku
nikipasha vidole kwenye chemli.
*Mtu asifungwe kabla hajasikilizwa.*
Mara tatu, kurasa tatu, h ikiruka mara tatu.
Tulishinda.
Mzee akaleta mkungu wa ndizi na jogoo,
na jogoo akanya juu ya kitabu cha mashauri ya jinai.

Kisha kwao walipata bendera, simu ikaja.
Aliondoka asubuhi ya ukungu,
koti lake la mvua likabaki msumarini.

Barua ya kwanza: Wizara ya Sheria, nembo ya dhahabu.
Niliitembeza soko zima.
Usiku ndipo nilipoona h zake,
zimeketi mstarini, zimetulia,
kama watu wanaongoja mshahara.
Ya pili ilikuwa fupi.
Ya tatu alitia saini katibu wake.

Halafu siku moja nikanunua maandazi,
na gazeti lililoyafunga lilikuwa na uso wake.
Waziri Pratt aidhinisha:
wapinzani kizuizini, miaka mitano, bila kesi.
Mafuta yalikuwa yameshapita kwenye paji la uso.
Nililinyoosha gotini, nikasoma tena,
na maandazi nikayala, nisiseme uongo, nilikuwa na njaa.
Mama Tupokigwe sikumwambia.

Miaka miwili baadaye, redioni, wanajeshi.
Mawaziri wote ndani.
Kwa sheria ileile. Wino wake mwenyewe.

Soko lilikuwa na methali tayari: mchimba kisima.
Methali huwahi siku zote.
Mimi nilichelewa, nilikuwa nimepiga magoti
chini ya kabati, natafuta nakala ya kaboni.

Nilifuta Mwambuputa, nikaandika Pratt.
Nilifuta Masoko, nikaacha nafasi,
kwani sikujua gereza lao linaitwaje.
*Mimi Subilaga binti Mwaisumo, mpiga chapa,
sina shahada, naomba nisikilizwe
kwa niaba ya mtu asiyeniomba.*
Nilitaka kuongeza: na wale aliowafunga yeye.
Nikaongeza.
Karatasi ikajaa, nikageuza nyuma.

Posta, karani aliipima bahasha mara mbili.
"Huku ni mbele ya Zambia?"
Mbele zaidi, nikasema.
"Itafika?"
Nilihesabu senti juu ya kaunta.
Nje, Loleza ilikuwa imefunikwa mpaka kiunoni.