Sahani Kumi na Nane

Mwaka huu sikuchinja.
Nilisema hivyo, na shemeji yangu Zauri
akaweka glasi chini kama mtu aliyetajiwa deni.
"Nateli, huu ni mwaka wa ndugu yangu.
Watu watashuka kutoka Oni, watapanda kutoka Ambrolauri,
waje waone mbao za meza?"

Waone, Zauri. Ni mbao nzuri,
za mjozi alioupasua kaka yako mwenyewe,
na miaka thelathini sijaziona.
Tulizifunika kwa sahani juu ya sahani,
ya tatu ikiikanyaga ya pili mabegani,
maana ndivyo tulivyolelewa:
mgeni akiona kitambaa, mwenyeji kaumbuka.

Mwaka jana nilimzika Vazha siku ya Alhamisi.
Jumamosi nikazika nyama.
Ndoo kumi na moja. Nilizihesabu,
kwa kuwa machozi hayakuhesabika.
Ndama, kondoo wawili, kuku wasioguswa hata paja,
jibini iliyotoka jasho usiku kucha,
na mbwa wa kijiji kizima wamelala chali, wamevimbiwa.
Nilichimba nyuma ya zizi, udongo mweusi uleule,
nao haukuniuliza
yupi alikuwa mpendwa, kipi kilikuwa cha kujionyesha.

Basi mwaka huu, maharagwe.
Yale mekundu yenye madoa, ya shamba la juu,
Vazha aliyaita waungwana kwa sababu hayana haraka.
Niliyainjika alfajiri katika vyungu,
vitunguu, giligilani, chumvi mwisho kabisa.
Majani ya viazisukari, ambayo wengine humtupia nguruwe,
niliyachemsha, nikayakamua, nikayaponda na jozi
hadi yakasahau kwamba yaliwahi kudharauliwa.
Mkate wa mahindi.
Achari ya vichomozo tulivyochuma Mei mimi na Marika,
mvua ikitupiga mgongoni.
Divai ni ileile; kuhusu divai sina busara mpya.

Walikuja kumi na wanane.
Kwanza kimya,
kimya cha watu wanaotafuta pa kuweka macho.
Kisha Sergo akagusa ubao kwa kidole,
akafuata mshipa wa mti hadi kwenye fundo,
akasema, "Huu si ule mjozi uliopigwa radi?"
Hapo ndipo Vazha alipoingia.
Maana kila mmoja alikuwa na lake juu ya mti ule:
aliyeanguka, aliyeiba,
aliyechapwa shuleni kwa vidole vyeusi vya maganda mabichi.

Mikono ikakutana chunguni.
Pitisha. Niachie. We, huo ukoko wangu!
Eteri, ambaye kwenye harusi hudonoa kama ndege,
aliomba mara ya tatu,
na ya tatu haikuwapo,
Marika akamkatia nusu ya yake.
Mwaka jana hakuna aliyemgawia mwenzake kitu.
Nani agawe, palipo na milima?

Zauri aliinua glasi kwa marehemu,
akadondosha divai kwenye mkate kama ilivyo ada,
kisha (nilimwona) akachukua kipande kingine,
akapangusa chungu pande zote, polepole,
akalamba kidole gumba,
akatazama kando.

Sasa wameondoka.
Nina sahani kumi na nane za kuosha
na ndoo tupu imekaa mlangoni kama mbwa aliyedanganywa.
Maganda ya jozi yanalia ndani ya jiko.
Njaa? Ipo, kidogo, mahali padogo chini ya mbavu,
na usiku huu sitaki kuijaza.

Ndama amelia huko zizini.
Zauri, aliyesema anakwenda kutazama gari,
yuko gizani kwenye ua, kiganja wazi,
anamlambisha chumvi.