Viungo Viwili

Přerov, Novemba. Meza ya jikoni imefutwa makombo,
chai imehamishiwa dirishani,
maana tone moja lingetosha kumzamisha mtu.
Nimevaa glavu za pamba. Kopo nimelifungua kwa kisu cha siagi.
Husemwa yaliyopita si ndwele;
mbona haya yananuka siki?

Filamu ya milimita nane, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho,
matundu yamejipanga ukingoni
kama ya vifungo kwenye shati la mtoto.
Naivuta mbele ya taa:
Baba anachuma tufaha, Baba anachuma tufaha,
Baba anachuma tufaha,
na kila Baba amesogea kidogo kuliko mwenziwe.

Kisha kidole kinakwama.
Utepe wa mwaka sitini na tisa,
umekuwa rangi ya asali, gundi imetoka jasho pembeni.
Kila Krismasi picha iliruka hapa
nasi sote, bila kuambiana, tulipepesa macho.

Jana, ndani ya kiberiti, kwenye droo ya nyembe za Baba,
nilikuta kipande. Fremu arobaini na nane.
Nimehesabu mara mbili: sekunde tatu.
Baba mdogo Bořivoj yuko juu ya ngazi,
anamrushia Mama tufaha,
mwaka mmoja kabla hajavuka mpaka na sanduku lake moja.
Baba hakukichoma.
Alikikata, akakikunja, akakiweka.

Basi naubandua utepe wa zamani taratibu,
kama plasta kwenye goti la aliyelala.
Nafuta gundi kwa pamba na spiriti.
Nalaza ncha kwenye mashine, matundu juu ya meno,
nashusha kisu, tk,
natandaza utepe mpya, nabonyeza, nageuza filamu, natandaza tena,
natoa hewa kwa ukucha.
Mwanzo wa kipande. Halafu mwisho wake.
Na hapo tu ndipo ninapoona:
kukata kuliacha kovu moja,
kurudisha kumeacha mawili.

Usiku projekta inaguguna. Mama, miaka tisini na moja,
blanketi magotini.
Picha inaruka. Bořivoj anarusha. Picha inaruka.
Hasemi kitu hadi mkia mweupe wa filamu
unapopigapiga gurudumu, na ukuta umebaki mwanga mtupu.

"Lilikuwa chachu," anasema.
"Lile tufaha. Nililila lote."