Tangazo la Ukurasa wa Tatu

Sheria yataka tangazo, na mtangazaji ni mimi,
Loretta Szymczak, mpanga herufi wa gazeti
lenye kurasa nane na wasomaji wanaozeeka.
Siku saba kabla, nasema kipo.
Siku yenyewe, asubuhi, nasema kilipo:

Polisi wa wilaya wataweka kizuizi leo Ijumaa,
saa nne usiku hadi saa nane,
Barabara ya 38, mkabala na ghala la mahindi,
kuwapima madereva ulevi.

Juu yake, bei ya matairi ya theluji.
Chini yake, karamu ya samaki, Kanisa la Mtakatifu Hedwiga.
Sherifu Teague huleta karatasi kwa mkono wake
na hachoki kunung'unika:
"Mtego gani huu unaopiga mbiu panya ajihadhari?"
Namwambia, saini hapa.

Kaka yangu Kazimir ndiye msomaji wangu mwaminifu.
Hasomi tanzia, hasomi mpira.
Hukata tangazo kwa mkasi wa kucha,
hulibandika kwenye friji,
na akitoka baa ya Dudek hushika njia ya nyuma,
ile ya changarawe,
yenye daraja jembamba na kona mbili zisizo na taa.
"Loretta, wewe ni malaika wangu mlinzi,"
huniambia, kwa pumzi ya kuogopea kiberiti.

Wiki hii kidole kilisita juu ya 38.
Kuigeuza tu iwe 83,
na yeye, kwa ujanja wake mwenyewe, angewaangukia mikononi.
Lakini naukumbuka mwaka wa mafuriko:
tangazo lilisahaulika mezani chini ya kikombe,
hakimu akawaachia wote kumi na mmoja,
hata yule aliyeshindwa kutamka jina lake.
Kosa langu lingekuwa ufunguo wa pingu zake.

Tena kuna Baba.
Baba alitoka nchi ambako vizuizi havikutangazwa.
Ulivikuta, au vilikukuta.
Hadi anakufa, akiona tochi barabarani
alikuwa akipapasa mfuko wa shati, akitafuta karatasi
ambazo hapa hakuna aliyewahi kumdai.
Basi 38 ikabaki 38.

Ijumaa, saa sita kasoro, niko darajani.
Gari nimelikalisha katikati, taa za dharura zinapepesa,
chupa ya kahawa kitini, na blanketi la Mama.
Sina sare. Sina kipimo.
Sheria hainitambui.
Na kizuizi hiki, Mungu anisamehe,
sikukitangaza popote.

Mahindi yamevunwa, shamba tupu, naona mbali.
Taa mbili zinakuja, moja hafifu,
ile niliyomwambia tangu Agosti akaibadilishe.
Zinayumba.
Zinapunguza mwendo.