Herufi B

Wifi yangu Mgeni yumo edani,
basi mimi ndiye miguu yake.
Nimekwenda kwa sheha wa Kangagani kuchukua barua.
Nimekwenda Wete kutafuta cheti cha kifo;
karani akaandika Shaame kwa a moja,
nikarudi kesho yake kuidai ya pili.
Nimekwenda polisi, wakanambia mwenye faili yuko Chake.
Kote huko kwa miguu hadi barabara kuu:
baiskeli ya nyumba ndiyo ile nyuma ya kituo,
imetundikwa kibati cha namba,
gurudumu la mbele limekunjika kama sambusa.

Koplo alinionesha mchoro.
Barabara ya Ole kaichora kwa rula,
imenyooka kuliko ilivyo.
A ni gari. B ni baiskeli. C ni nguzo ya umeme.
D ni boflo, maana zilitapakaa hadi mtaroni.
Nikatafuta herufi ya kaka yangu.
Akasema: Bibie, yeye yumo ndani ya B.

Siku ya tatu, hitima haijesha,
mwenye gari alileta gunia la mchele, dumu la mafuta
na bahasha. Laki nane, kasema.
Na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa:
familia imeridhika, haina dai, sasa wala baadaye.
Kilichobaki ni kidole gumba cha Mgeni.

Ami Makame akasema ajali ni kadari,
anayemshitaki dereva hasa anamshitaki nani?
Faki, mtoto wa kwanza, akataka dereva afungwe, basi.
Mwalimu wa chuo alikaa kimya mpaka kahawa ikapoa.
Kisha: Kusamehe mnaweza, diya mnaweza,
lakini haki ya yatima si ya ami kuisamehe.
Hilo nimelishika.

Nikenda nalo kwa wakili wa msaada, Chake,
mtoto mdogo tu, Sabiha, miwani imemzidi uso.
Kesi ya jinai, kasema, ni ya serikali na dereva;
hata akifungwa, Mgeni hapati kilo ya sukari.
Fidia ni dai jengine, linasimama kwa miguu yake.
Gari ina bima, na bima haina haya ya ami wala jirani.
Ila muda unakwenda, msiukalie.
Na msitie kidole penye "wala baadaye".
Zikija pesa, fungu la watoto liandikwe kwa majina yao,
na mirathi ipite kwa kadhi,
thumuni ya mjane isije ikayeyuka katika chai ya wageni.

Halafu akauliza: Marehemu akiingiza shilingi ngapi kwa siku?
Tukahesabu boflo. Mia na ishirini, Ijumaa zaidi.
Ila moja akiniachia dirishani kila siku, bure.
Hiyo niiweke safu gani?

Dereva kaandikisha kwamba baiskeli haikuwa na taa.
Nikasoma orodha ya vielelezo:
baiskeli moja, tenga moja, kandambili moja ya kushoto.
Taa hamna.
Nani kaiokota, Mungu anajua, na mtu mmoja.

Mimi nalala chumba cha barabarani mwaka wa kumi na tisa.
Kila alfajiri, kabla ya adhana,
mwanga wake huingia dirishani, hupanda ukuta,
hupita juu ya chandarua, hushukia mlangoni, hupotea.
Sijapata kununua saa.
Siku ile ulipita.
Nikageuka upande wa pili, nikasema: bado nusu saa.

Liandike hilo, Sabiha.
Akasema watanihoji sana.
Nikamwambia nina wajukuu tisa, nimezoea kuhojiwa.

Mgeni kabakisha siku ishirini na tatu.
Akitoka, tutakwenda wawili.
Bahasha iko juu ya kabati, haijafunguliwa.
Mchele tumeula. Watu walikuwa wengi.