Muda wa Kuishi

Oulu, Januari. Theluji imefika dirishani.
Nimezipanga seva sita duara, kama pete,
kila ufunguo na mwenyewe.
Ikizima moja, jirani hubeba mzigo
bila kuuliza ni wa nani.

Hifadhidata kuu ni nzito kuamka;
ndiyo maana zipo hizi,
zijibuzo kabla swali halijapoa.
Nikaandika: *muda wa kuishi, sekunde 3600.*
Saa nzima. Nani angejali saa moja?

Alfajiri Bi Hilkka Juntunen akapiga simu hospitalini.
Kitanda cha kumi na nne, anaendeleaje?
Karani akatazama kioo, kioo kikauliza pete.
*Yupo. Amelala.*
Penye wengi pana mengi, husema watu;
hapa palikuwa na moja tu,
nalo lilikuwa limechacha:
Veikko wake alikata roho dakika arobaini nyuma.

Hakuna aliyenilaumu.
Pirjo alinisogezea kahawa, akaenda zake.

Nimefuta 3600. Nimeandika 5.
Kidole kikasita juu ya kitufe.
Dakika arobaini
mkewe hajui, daktari keshatia saini,
na mashine zangu sita, katika ubaridi wao,
bado zinamhesabu miongoni mwa walio hai.

Nikabonyeza.