Msamiati wa Inspekta

Alikuja kufunga tanuri jipya kiwandani,
mtu wa Peru, Eliseo Huamán,
Kihispania kimemjaa kinywani kama maji ya kusukutua,
na Kiingereza hana hata cha kuombea chumvi.
Mimi nauza vitabu vya mitumba sokoni Tororo,
kati ya mama wa dagaa na fundi wa redio.
Vumbi la saruji hutuangukia sote bila ubaguzi;
kila asubuhi nawapangusa wapelelezi wangu kwa kitenge kikuukuu.

Alichagua kwa majalada: kisu, glavu, ngazi yenye kivuli.
Akaonyesha kwa kidole, akalipa elfu tatu bila kupatana.
Nikajua huyu ni mgeni kwelikweli.

Kufikia Pasaka alikuwa na maneno mia mbili,
yote ya damu.
Alijua sumu kabla ya sukari,
mrithi kabla ya mkate,
alijua namna saba za kusema mtu amekufa
na hata moja ya kusema mtu ameshiba hakuwa nayo.
Kwa Athieno, penye atapa na mchuzi wa karanga,
aliinua kijiko akauliza kwa heshima zote:
“Nani ana hatia ya mchuzi huu?”
Athieno akakiri. Akamwongezea.

Mafundi wakamwita Inspekta.
Kwake bolti haikupotea,
ilitoweka katika mazingira ya kutatanisha.
Jioni alikalia ndoo yangu, akasoma kwa sauti,
kidole kikitambaa chini ya mstari,
na neno likimshinda, mimi niliyeishia kidato cha pili
nilimwigizia.
Nimekufa mara nyingi mbele ya mama wa dagaa:
nimenyongwa, nimezama,
nimesukumwa ghorofani kutoka juu ya kreti ya soda.

Mwezi wa saba alikuja bila kofia yake ya kazi.
Akasimama. Akasema kwa Kiingereza chake hicho:
“Maiti ni mama yangu.
Saa: kumi alfajiri.
Mahali: jikoni.
Silaha hakuna. Mshukiwa hakuna.”
Akanyamaza, kama anayetafuta ukurasa unaofuata.

Nikamwambia tunachosema sisi.
Sisi tukimkuta mtu amejikwaa, ameloa, amefiwa,
twampa pole,
na Kiingereza chetu hulibeba neno vivyo hivyo, bila kufikiri.
Kumbe Kiingereza ni maskini hapo:
pole na samahani huvaa shati moja.
Na katika vitabu vyake shati hilo
huvaliwa na muuaji tu, sura ya mwisho,
mikono ikimtetemeka mbele ya polisi.

Alinitazama. Akarudi nyuma hatua moja.
“Wewe?” akauliza. “Ulifanya nini?”

Nilifanya nini.
Nilikuwa hapa hapa, napangusa vitabu.
Nilikuwa nimemuuzia kile cha jalada la kijani
kwa bei kamili, nikijua karatasi ya mwisho haipo,
maana niliifungia karanga mwenyewe.
Lakini mama yake, haki ya Mungu, sikumjua hata jina.

Nikasogeza ndoo. Hakukaa.
Mama wa dagaa, ambaye katika lugha zetu zote hizo
hakuwa na hata moja, aliacha mizani ikining’inia,
akajishika kichwa, akaanza kulia
kwa Kidhopadhola, kama analia wa kwao.
Eliseo akamgeukia yeye. Mimi hakunitazama tena siku ile.

Aliondoka Agosti. Tanuri linawaka, vumbi limezidi.
Vitabu alivirudisha vyote ndani ya gunia la saruji.
Katika kile cha kijani, nyuma ya jalada,
kuna orodha yake kwa penseli:
kisu, glavu, ngazi, wosia,
kila neno na Kihispania chake ubavuni.
La mwisho ni lile letu.
Ubavuni pake hakuandika tafsiri.
Ameandika Nyafwono, jina langu,
na alama ya kuuliza.

Sijaifuta.
Kitabu bado kipo mezani, elfu mbili.
Karatasi ya mwisho haipo; siku hizi nasema mapema.